Mstari Aliouruka Mama Seti

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, siku ya Alhamisi, mikono ya mwanamke huyu tayari imo ndani ya glavu. Mbele yake ipo meza ya chuma, juu yake kitambaa cha kijani kilichotandazwa bila kunjo hata moja, na pembeni karatasi yenye nafasi kumi na sita za kuweka alama. Midomo yake inacheza, lakini sauti haitoki.

Anachukua mkasi, anauinua kwenye taa, anaufungua na kuufunga mara mbili, anaulaza kwenye kitambaa. Anaweka alama kwenye karatasi. Midomo inacheza tena, anachukua mpini wa kisu.

Ukimwona kwa mara ya kwanza utadhani anaongea na vyuma, na wenzake humtania hivyo hivyo. Hapa hospitalini anajulikana kama Mama Seti, jina lililomganda mwaka wa kumi na tisa sasa, kwa sababu yeye ndiye anayeosha, kukagua na kufunga seti za vifaa vya upasuaji, kisha kuzitia kwenye mashine ya mvuke inayoua vijidudu. Daktari mpasuaji anajulikana mji mzima. Mama Seti hajulikani hata na mgonjwa aliyepona kwa vyombo alivyovishika yeye, na hilo halijawahi kumkosesha usingizi.

Kilichomkosesha usingizi jana ni kingine. Seti iliyo mezani leo itafunguliwa saa tatu, kwa ajili ya tumbo la binti yake.

Kwanza tueleze ile midomo. Mama Seti anaomba, na anaomba kwa kufuata Zaburi ya ishirini na tatu, ile ya mchungaji. Si kwamba alizaliwa hodari wa sala. Kwa miaka mingi, anasema, alikuwa hajui hata aanzie wapi.

"Nilikuwa nafumba macho naanza, 'Ee Baba,' basi, imeisha. Kama mtu aliyepiga simu akasahau alichotaka kusema," anasimulia, akicheka kidogo. "Nikawa naomba kitu kilekile kila siku. Tubariki, tulinde, tupe afya, amina. Mwenyewe nilikuwa nachoka kujisikiliza."

Aliyemtoa hapo ni mama mkwe wake, bibi wa maneno machache na miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye sasa ni marehemu. Siku moja alimkuta amekaa na Biblia mapajani, ameinamisha kichwa, amekwama.

"Akaniambia, 'Mwanangu, unahangaika kutafuta maneno ya nini, na hapo mapajani yamejaa? Shika mstari mmoja. Usome polepole. Jiulize unakwambia nini, na wewe unataka kuomba nini hapo. Kisha mrudishie Mungu kwa mdomo wako mwenyewe, usiige sauti ya mchungaji wa kanisani. Ukimaliza, nenda wa pili. Na ukikwama, kaa hapo hapo ulipokwama. Usikimbie.'"

Alianza na Zaburi hiyo kwa kuwa aliijua kwa moyo tangu utotoni. Akaizoea nyumbani, akaenda nayo kazini. Siku moja akagundua kwamba akiikata kwa pumzi zake, inatoa vifungu kumi na sita, na seti ya upasuaji wa tumbo ina vyombo kumi na sita. Akaona hiyo ni zawadi. Tangu hapo kila chombo kikawa na kifungu chake, na pale Zaburi inaposema "mimi", yeye akaweka "huyu".

"Nikishika mkasi nasema, Bwana, mchunge huyu. Cha pili, asipungukiwe na kitu, damu wala hewa. Kwenye yale maji yaliyotulia, naomba dawa ya usingizi imchukue taratibu. Nikifika kwenye meza iliyoandaliwa, si ndiyo hii meza yangu? Naomba isiwe na kosa. Huyo mtu simjui. Sijui ni baba wa watu au mtoto wa shule. Namwita Huyu, na Mungu anajua ni nani."

Kwa hesabu hiyo, chombo cha nane ni koleo dogo lililopinda la kubania mishipa ya damu. Kifungu chake ni kile cha kupita katika bonde lenye giza la mauti.

Wiki sita zilizopita, kifungu hicho kilimshinda.

Binti yake, fundi cherehani wa miaka ishirini na sita, aliamka analalamika tumbo. Akajikaza, akaenda kazini, akakaa kwenye cherehani hadi saa nne, akaangukia vitambaa vya mteja. Walipomleta hospitali, vipimo vilionyesha utumbo umejisokota. Mama Seti alipata habari akiwa kazini, kupitia dirisha dogo linalotenganisha chumba chake na chumba cha upasuaji.

"Nesi alifungua dirisha akasema, 'Mama Seti, tutahitaji seti ya tumbo. Halafu jikaze, ni binti yako.' Nikasema sawa. Sijui hata kwa nini nilisema sawa."

Seti zote mbili za tumbo zilikuwa zimetumika asubuhi hiyo. Wakati binti akipimwa na kutafutiwa damu, mama yake aliziosha, akaanza kufunga ya kwanza. Msimamizi wake alikuwa stoo. Hapakuwa na mtu wa kumwambia atoke, na yeye mwenyewe hakutaka kutoka.

"Siku hiyo Huyu alikuwa na sura. Alikuwa yuleyule niliyemng'oa meno ya utoto kwa uzi," anasema. "Nikaenda vizuri hadi cha saba. Nikafika kwenye bonde, mdomo ukagoma. Nikasema, huu siusemi. Si leo, si juu ya mwanangu. Nikauruka, nikashika unaofuata."

Mdomo ulipouruka mstari, mkono nao ukaruka. Koleo la nane likabaki kwenye trei pamoja na makoleo mengine yanayofanana nalo. Karatasi ya ukaguzi ingemkamata, lakini Mama Seti alikuwa na tabia yake ya siku zote: anafunga kwanza, kisha anaweka alama zote kumi na sita kwa mpigo mmoja. Kwa miaka yote hiyo Zaburi ilikuwa haijamwangusha. Akatia saini, akatia seti kwenye mashine.

Saa nane mchana, binti akiwa amelazwa kitandani chini ya taa, macho wazi, dawa ya usingizi bado haijaingia, nesi alifungua seti na kuhesabu. Kumi na tano. Akahesabu tena. Kumi na tano.

Sheria ya chumba cha upasuaji haina mjadala. Seti isiyolingana na karatasi yake haimgusi mtu, maana mwishoni utajuaje kama chombo hakikubaki tumboni? Seti ya pili ilikuwa bado ndani ya mashine. Wakaisubiri kwa dakika ishirini na tano.

Binti alipona, lakini sehemu ya utumbo ilikuwa imeshakufa. Wakaikata, na ncha moja wakaitoa nje ya tumbo, imwage kwenye mfuko, hadi atakapopata nguvu ya kupasuliwa tena na kurudishiwa utumbo wake ndani.

Daktari alimwita Mama Seti na kumweleza kwamba utumbo ule ulikufa saa nyingi kabla binti hajafika hospitali, na kwamba zile dakika hazikubadilisha kitu.

"Anasema hivyo kwa sababu ni mtu mwema," anasema Mama Seti. "Au kwa sababu ni kweli. Sijui. Ninaishi hapo katikati, wiki ya sita sasa."

Alitegemea kufukuzwa kazi. Msimamizi wake, ambaye wafanyakazi humwita Bwana Saini kwa kuwa hakubali hata kikombe cha chai kihamishwe bila mtu kutia saini, alimpa barua ya onyo na siku tatu za kufundishwa upya. Mzee huyu hana maneno mengi, lakini alipoulizwa na gazeti hili kuhusu sala za mezani, alivua miwani.

"Mimi mwenyewe ni mtu wa kanisani," alisema. "Nilimwambia, Mama, omba. Omba hata mara mia. Lakini chombo kimoja, alama moja, hapo hapo. Zaburi si karatasi ya hesabu, na karatasi ya hesabu si Zaburi. Usizifungishe ndoa."

Mama Seti anakiri kwamba mzee alisema kweli. Tangu siku hiyo kalamu haitoki mkononi mwake. Lakini lipo jambo moja ambalo barua ya onyo haikuligusa. Binti hakujua kosa lilikuwa la nani.

Kwa wiki sita mama alibadilisha ule mfuko, akaosha ngozi iliyouzunguka, akapika uji laini, na kila alipotaka kusema ulimi ulikuwa mzito. Binti mwenyewe ndiye aliyekuwa akimchangamsha. "Mama, mimi ni fundi pekee mwenye mkoba usiovuliwa," alikuwa akitania. "Na sijaushona mimi."

Binti akamwomba pia amfundishe ile namna ya kuomba kwa mistari. Wakawa wanashika kifungu kimoja jioni moja, binti akisoma, mama akifuata. Jumatano, siku moja kabla ya upasuaji wa pili, zamu ilikuwa ya bonde.

"Akasoma, akaniangalia, anangoja niombe. Nikakwama. Nikataka kumwambia tuuruke, twende kwenye unaofuata. Halafu nikamsikia mama mkwe kichwani. Kaa hapo hapo ulipokwama. Basi nikakaa. Nikamwambia yote."

Binti aliweka kidole kwenye mstari. Mama akangoja atolewe chumbani.

"Kwa hiyo ile kelele ya kuhesabu, mimi nimelala pale natazama taa," binti alisema mwishowe, "ni wewe?"

"Ni mimi, mwanangu."

"Na mstari ulioshindwa kuusema ni huu?"

"Ni huo huo."

Binti akafunga Biblia, kidole kikiwa ndani. "Mama, mimi pale kitandani niliogopa mpaka nikasahau sala zote. Mstari uliobaki kichwani ni huu wa bonde. Ndio niliokuwa nausema, mpaka waliponiwekea barakoa. Wewe uliuruka, mimi nilikuwa naushikilia."

Mama alilia, hafichi. Binti akamsubiri amalize, kisha akampa agizo kama anavyowaagiza wanafunzi wake wa ushonaji. "Ya kesho funga wewe. Lakini usiruke."

Ndiyo maana asubuhi hii yupo hapa, ingawa Bwana Saini alimpa ruhusa ya siku nzima. Mzee amekubali kwa sharti moja, kwamba atahesabu na yeye na zitiwe saini mbili. Amesimama mlangoni, mikono nyuma, anajifanya anakagua ukuta.

Chombo cha tano, alama. Cha sita, alama. Cha saba, alama.

Mkono unaenda kwenye koleo dogo lililopinda na kubaki hewani. Bwana Saini anaacha kuangalia ukuta.

Kwa mara ya kwanza asubuhi hii, sauti inatoka.

"Bwana, hata akipita kwenye bonde lile la mauti," anasema Mama Seti, polepole, "apite. Asikae humo. Mimi siwezi kwenda naye, milango imefungwa. Nenda naye wewe."

Koleo linalala kwenye kitambaa. Anaweka alama, amebonyeza kalamu hadi karatasi inataka kutoboka. Vinane vilivyobaki vinafuata kimoja kimoja. Bwana Saini anahesabu kwa kidole, anahesabu tena, anatia saini. Seti inaingia kwenye mashine.

Saa tatu dirisha dogo linafunguka, seti inapita, dirisha linafungwa. Mama Seti anafuta meza iliyo safi. Anaifuta tena. Anakunja vitambaa vilivyokwisha kukunjwa. Akiulizwa kama anaomba, anatikisa kichwa. "Nimeshasema. Sasa naogopa tu," anajibu.

Saa sita kasoro dakika kumi, dirisha la vyombo vilivyotumika linagongwa. Trei inaingia. Mama Seti anaijua trei hiyo, na anajua jambo ambalo wageni hawalifikirii: seti hurudi kila mara, mgonjwa apone asipone. Amewahi kuosha vyombo vya watu ambao hawakuamka.

Kwa hiyo haulizi. Anavaa glavu nzito, anashika karatasi na kuanza kuhesabu, chombo kimoja, alama moja, na safari hii kwa tarakimu tupu. Moja. Mbili. Nane inafika, koleo lililopinda. Kumi na tano. Kumi na sita. Anatia saini. Hapo ndipo anapoinua macho kwa nesi aliye dirishani.

"Na mwenyewe?"

Nesi anashusha barakoa. "Ameamka, Mama. Utumbo umerudi mahali pake. Ulimi bado mzito, lakini anauliza kitu kimoja tu, mimi sikielewi. Anauliza kama uliruka."

Mama Seti anashika ukingo wa sinki kwa mikono miwili.

"Mwambie sikuruka," anasema. "Na mwambie jioni nakuja na Biblia. Tuliishia kwenye bonde, bado hatujafika mezani."