Ban Katikati ya Kimya

Niseme miye mwenyewe kabla hamujaisikia sokoni: ule mama aliyepiga makofi wakati watu wanakumbuka wafu wao, ni miye. Haya imenishika, sikatai. Lakini sikilizeni yote kwanza.

Binti yangu Neema ana otisme (kwa Kiswahili cha vitabu wanasema usonji), na kwenye kambi ya vakansi ya parokia, shule zikiwa zimefungwa, kukaa ndiyo ilikuwa vita yake, anainuka, anakimbia, anazunguka mlingoti wa bendera mpaka wenzake wanachoka kumtazama. Dada Furaha, anayeangalia watoto pale, akatufundisha: akifanya vizuri umpe palepale kitu anachopenda, usichelewe, na umwambie alichofanya. Wengine wanapenda bonbon, pipi zile. Neema anapenda ban, yale makofi ya mpango tunayopigiana kwenye sherehe, tatu, tatu, halafu moja kubwa. Basi akikaa tu, kambi nzima: "Neema amekaa! Ban!" Na kweli akaanza kukaa. Wale waliokuwa wananiambia nimchape wakafunga kinywa.

Siku ya wageni, mukubwa wa kambi akaniambia: "Mama Neema, akivuruga leo, asirudi tena." Dada Furaha akanishauri nikae naye jikoni mpaka wageni waondoke. Nikakataa. Nimfiche kama sufuria iliyoungua? Nikamvika robe nyeupe, tukaenda mbele.

Padri mgeni akaomba kimya kwa ajili ya watu wetu waliouawa Djugu. Wote wakasimama, hata nzi unamsikia, na Neema, aliyekuwa kwenye mlingoti wake, akaja peke yake, bila kuitwa (bila kuitwa, jamani!), akakaa kwenye kiti, mikono juu ya magoti. Mikono yangu haikuniuliza. "Neema amekaa! Ban!" Na watoto wa kambi, kwa kuwa tumewazoesha vizuri sana, pa-pa-pa, pa-pa-pa, paaa! Neema akacheka, akainuka, akakaa tena, safari hii kwenye kiti cha padri, maana kilikuwa wazi. Watoto wakapiga nyingine! Padri maskini, macho bado ameyafumba, akarudi nyuma ili akae, nusura amkalie mtoto wangu.

Mama mmoja nyuma yangu akasema kwa nguvu: "Huyu mutoto iko na mapepo, mumupeleke kwa maombi!"

Nikageuka. "Mapepo iko mu kinywa yako, mama. Mutoto iko anaikala, ni weye unaongea mu kimya."

(Najua. Na miye nilikuwa naongea.)

Mukubwa wa kambi akaniita pembeni, jasho linamtoka. "Mama Neema, tulipatana nini?"

"Tulipatana asivuruge. Amevuruga wapi? Alikaa! Kelele ni yangu. Basi mufukuze miye."

Akamtazama Neema, ambaye bado alikuwa amekaa, ametulia kuliko wageni wote. Akanitazama miye. Akanifukuza miye! Kweli kabisa, mtoto akabaki kambini, mama yake akakatazwa kuvuka mlango mpaka vakansi iishe.

Kwa wafu wa Djugu na familia zao naomba msamaha, na nimeapa: siku nyingine wakisema kimya, nitafunga hii mikono ndani ya kikwembe ninachojifunga kiunoni. Kwa yule mama wa mapepo, siombi kitu.