Sentimita Thelathini za Maji

Sijawahi kugombana na watu wengi kwa asubuhi moja kama siku ile ya mama wa Bunagana. Nilikuwa muuguzi katika chumba cha wagonjwa mahututi, hospitali moja ya Goma. Volkeno ilikuwa imetema moto kwa mara ya pili katika maisha yangu (mara ya kwanza ilimeza nyumba ya wazazi wangu), na watu walikuwa bado wanajenga upya pale vita vya waasi vilipowaka tena. Majeruhi wa risasi walifika kila siku.

Mama huyo alikuwa akiuza vitunguu huko Bunagana, mpakani. Risasi ilimpata tumboni akikimbia. Alipasuliwa, akashonwa, akaletwa kwetu. Siku ya pili tumbo likavimba na kukaza kama ngoma, pumzi zikawa fupi, mkojo ukakaribia kukauka. Tumbo likibana hivyo, figo hazipati damu ya kutosha, na mgonjwa anaweza kufa huku kidonda chenyewe kinapendeza.

Tulikuwa na mashine ya kupimia mbano huo, zawadi kutoka ng'ambo, yenye skrini pana. Ililetwa bila kebo. Tulianikia taulo juu yake.

Kwa hiyo nilipima kwa mkono. Mgonjwa analala chali kabisa. Unafunga njia ya mfuko wa mkojo, unaingiza serumu kidogo, yale maji ya chumvi ya dripu, kwenye kibofu kupitia mpira wa mkojo, kisha unauinua mpira wima na kungoja. Maji yanapanda yenyewe, yakisukumwa na tumbo. Mgonjwa akimaliza kutoa pumzi, unasoma kimo cha maji kwa rula, kuanzia usawa wa mfupa wa nyonga, ubavuni. Si kazi ya uchawi. Inataka tu watu watulie.

Nikainama kuanza, nikakuta kitanda kimeinama. Mume wake, dereva wa lori, alikuwa ameweka mawe mawili ya lava chini ya miguu ya upande wa kichwa.

"Papa, nani amekuambia uweke mawe?"

"Hapumui muzuri, mama. Nimemusaidia."

"Ukimwinua, kipimo kinadanganya. Toa."

Akayatoa. Nikaenda kuchukua sindano ya serumu. Niliporudi mawe yalikuwa mahali pake. Nikayabeba mwenyewe hadi uani, nikayatupa kwa hasira. Uani kwetu mawe ya namna hiyo hayakosekani, kwa hiyo sikuwa nimemzuia na lolote.

Safari hii nilimshika mkono mgonjwa. "Mama, vumilia dakika mbili tu. Usikaze tumbo." Akafumba macho. Maji yakapanda mpaka sentimita thelathini. Nikarudia: thelathini tena, kimo cha hatari. Nikaenda mbio kwa daktari wa upasuaji.

Alifungua daftari la wodi. "Jana jioni wameandika kumi na saba. Leo wewe unasema thelathini. Mmoja wenu hajui kupima."

"Ndiyo, dokta. Na si mimi."

Hakucheka. Majeruhi wengine walikuwa wanashushwa kwenye gari, akaondoka. Nikampigia simu mwenzangu wa zamu ya jioni, aliyekuwa nyumbani kwake Ndosho.

"Jana ulianzia wapi kupima?"

"Kwa kitovu. Si ndiyo katikati ya tumbo?"

Kwa kitovu! Juu ya tumbo lililovimba kama mlima, ndiyo maana kimo kilionekana kifupi! Nilimfundisha mimi mwenyewe, akaitikia kwa kichwa, na hata alitupiga picha. Nilikata simu kabla sijasema neno la kujutia.

Nilimfuata daktari mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, nikasimama katikati ya njia.

"Mama, pisha."

"Sipishi. Njoo upime wewe. Ukipata kumi na saba, sitakusumbua tena."

Alikuja huku ananung'unika. Mume naye akasimama kando, mikono mitupu, maana nilimwangalia vibaya. Daktari akapiga magoti, akaweka rula ubavuni, akatazama maji yakipanda na kushuka kidogo kwa kila pumzi. Thelathini tena. Kisha akatazama mfuko wa mkojo, karibu mkavu.

"Tunafungua sasa hivi," akasema. Hakuniomba radhi, wala sikuwa na muda wa kuingoja.

Walimfungua, wakaacha tumbo wazi chini ya plastiki safi ili lipate nafasi. Kabla ya saa kumi alasiri mkojo ulikuwa unatiririka, na nilisimama nikiuangalia ule mfuko kama mtu anayeangalia mvua baada ya kiangazi. Mume alikwenda kumshukuru daktari kwa mikono miwili. Mimi aliniuliza kama sasa anaweza kuinua kitanda.

"Sasa inua," nikamwambia. "Kidogo."

Tumbo lilifungwa siku kadhaa baadaye. Alikaa kwetu wiki nyingi, na kwa kuwa njia ya Bunagana ilikuwa imefungwa na vita, alitoka kwenda kwa dada yake, mtaa wa Majengo, hapa hapa Goma. Siku ya kutoka alinivuta karibu.

"Mama muganga, ile siku nilikuwa nasikia unagomba tu. Nikawaza unagomba na mimi."

"Hapana, mama. Wewe peke yako ndiye uliyenisikiliza."

Alicheka akijishika tumbo, maana kucheka bado kulimuuma.