Chamrat Aseme kwa Kinywa Chake

Thawin hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini kinyongo alikuwa nacho cha kutosha kugawia kiwanda kizima.

Alianza ufundi wa pampu kwenye kiwanda cha mabakuli cha Mama Rampha, pale Lampang, kabla ndevu hazijamwota. Pampu yenyewe haikuwa na mota. Iliendeshwa na upepo wa kompresa: ukiingia kushoto, kiwambo cha mpira kinasukuma; ukiingia kulia, kiwambo cha pili kinasukuma, na uji wa udongo unapanda kutoka shimoni kwenda kwa akina mama wanaoujaza kwenye kalibu. Ka-tak, ka-tak, kutwa nzima. Thawin aliijua kwa sauti. Ikipiga mbio bila kutoa kitu, mpira wa kuvutia uji kutoka shimoni unanyonya hewa, au shimo limekauka. Ikichechemea, chembe ya udongo mgumu imekalia gololi inayofungua na kuziba njia ya uji. Na uji ukitokea kwenye sailensa, lile kopo la vitundu linalotoa pumzi ya pampu, basi kiwambo kimechanika, usiulize mara mbili.

Ndivyo kilivyochanika siku ya sadaka. Watawa walialikwa kubariki tanuri jipya, na vyakula vikapangwa juu ya mikeka karibu na pampu, maana hapo ndipo palipokuwa na ubaridi. Thawin alitumwa sokoni kuchukua maua. Mwenzake wa zamu, Chamrat, akataka kumaliza kazi mapema. Akafungulia upepo wote, akaenda kutazama maandalizi. Shimo likakauka, pampu ikapiga tupu mpaka kiwambo kikaachia. Alipomimina uji mpya, uliruka kupitia sailensa ukawapaka watawa na kuufunika wali wa kunata.

Thawin aliporudi na maua mkononi, aliona koki ya upepo imefunguliwa mpaka mwisho na akaelewa yote. Lakini alikuwa amechelewa.

"Thawin hakukaza nati, mama," Chamrat alikuwa ameshasema.

Mama Rampha, uso mzima udongo, hakutaka maelezo. Thawin akapelekwa kubeba mbao za mabakuli mabichi. Chamrat akapewa spana zake. Mtaani Thawin akaitwa Mlisha Watawa Udongo. Mkewe akaacha kwenda hekaluni kwa aibu. Hilo ndilo lililomkaa Thawin kooni. Spana hakuzitaka. Alitaka Chamrat aseme kwa kinywa chake, mbele ya watu walewale.

Akangoja. Ukaja mwaka mpya wa Aprili. Kabla ya kufunga kiwanda, kila mtu huiosha mashine yake kwa maji ya maua, huipaka chokaa laini iliyokorogwa na marashi, na kuiomba radhi kwa mateso ya mwaka mzima. Chamrat, kwa kutaka aonekane, aliipaka pampu kama bibi harusi. Thawin, mbao begani, aliuona mkono wake ukipita juu ya vitundu vya sailensa, ukirudi, ukikandika tena.

Angeweza kusema. Hakusema. Alikwenda nyumbani, akamwagiwa maji na majirani kama ilivyo desturi ya sikukuu hiyo, akacheka kuliko miaka yote.

Kazi zilipofunguliwa, chokaa ilikuwa imekauka ngumu kama plasta. Pampu ilipiga ka-tak moja, ikajikokota nusu ya pili, ikasimama. Chamrat akaongeza upepo. Kimya. Akafungua gololi, zilikuwa safi. Akakagua mpira wa kuvutia, mzima. Kule shimoni uji ulianza kutuama, na akina mama wamekaa mikono mitupu.

"Kaka Chamrat, bibi harusi amegoma?" aliuliza Buakham, mjazaji wa kalibu mwenye mdomo kuliko wote. "Mwongezee poda!"

"Nyamaza wewe, nafanya kazi."

"Kazi gani? Toka asubuhi unamvua nguo tu."

Mama Rampha akaja. Alitazama shimo, akamtazama Chamrat, kisha akaita, "Thawin! Njoo uangalie."

Thawin alishusha ubao wake polepole. "Nimeshaangalia, mama. Ugonjwa naujua."

"Basi tengeneza."

"Chamrat aseme kwanza ni nani aliyeacha upepo wazi siku ya watawa."

Akina mama wote wakageuka kumtazama Chamrat.

"Mwehu huyu," Chamrat alisema. "Mambo ya zamani hayo."

"Kwako ya zamani. Mimi naitwa Mlisha Watawa Udongo mpaka leo."

Chamrat akageukia nati. Alifungua hiki, akafunga kile, jasho likamwingia machoni, huku Thawin ameketi juu ya ndoo akimtazama kama mtu aliyelipia kiti. Hakumhurumia hata kidogo. Mpaka Mama Rampha akapoteza subira.

"Chamrat, uji ukiganda mle shimoni utauchimba kwa kucha zako. Una neno au huna?"

Chamrat aliongea na spana. "Ni mimi."

"Sijasikia," alisema Thawin.

"Ni mimi niliyeacha upepo! Umeridhika?"

"Kumbe!" Buakham alipiga makofi. "Na wewe ndiye uliyeshinda ukimcheka mwenzio!"

Thawin aliinuka, akaifungua sailensa kwa mkono, akaonyesha vitundu vilivyozibwa. Upepo ulikuwa unaingia, hauna pa kutokea. Akawasha. Pampu ikaunguruma bila kopo lake, kelele za kutoboa masikio, lakini uji ukapanda. Chamrat akanyoosha mkono achukue sailensa akaioshe.

Thawin akaitia mfukoni.

"Watu walewale, nilisema moyoni," alimpigia kelele sikioni. "Watawa hawakuwepo leo. Hii utaipata hekaluni kesho."

Siku nzima wakafanya kazi katika makelele yale, na kila aliyeziba masikio alimtazama Chamrat.

Asubuhi Chamrat alifika hekaluni. Thawin alikuwa ameshakaa mbele pamoja na mkewe, na nyuma yao nusu ya kiwanda, Buakham akiwa amevaa kama wa sherehe. Chamrat akapiga magoti mbele ya watawa, akainamisha kichwa, akanong'ona jambo.

Thawin aliiweka sailensa kwenye mkeka, mahali ambapo mkono wa Chamrat usingefika.

"Sauti," alisema. "Na uanze tangu mwanzo."