Mwanamke Aliyesimama Mtoni

Mume wangu huchora picha za Kijapani, na kwa muda mrefu niliuona huo kuwa wazimu usiomdhuru mtu. Ni zile picha za zamani zilizochapwa kwa vibao vya mbao vilivyochongwa: mawimbi, madaraja kwenye mvua, wanawake waliovaa kimono. Yeye hana vibao. Anazinakili kwa mkono, kwa wino na rangi ya maji, mstari kwa mstari. Hata michirizi ya mbao iliyojitokeza kwenye anga huichora kwa brashi nyembamba kama sindano. Mchana hupakia masanduku kwenye ghala kule Plymouth. Jioni hushuka kwenye chumba cha chini cha nyumba yetu ya Champlin, hapa Marekani, na kuinamia meza. Ukimwambia aongeze ua moja tu ili papendeze, atakutazama kana kwamba umemwambia aongeze aya kwenye Biblia.

Mwaka jana, mimba yangu ikiwa imeingia mwezi wa nane, mtoto aliacha kucheza. Mimi ni muuguzi. Nilijua kabla mashine haijasema. Nilimzaa kama wanavyozaliwa wote, kwa uchungu uleule, kisha pakawa kimya. Muuguzi wa zamu, Mmarekani mpole, alimfunga binti yetu kwa blanketi, akanipa, nikamshika. Baadaye akamchukua, akampelekea mume wangu.

Mume wangu alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Kwao mtoto aliyezaliwa bila pumzi hupokelewa na wanawake na kuzikwa na wanawake. Mwanamume akimshika, anaalika msiba mwingine wa namna hiyo. Ndivyo alivyolelewa. Yule muuguzi hakuelewa, akazidi kumsogelea, naye akazidi kukataa kwa kichwa, mpaka mimi nikasema, "Muache." Nilimchukia siku ile. Nasema wazi, nilimchukia.

Baada ya mazishi hakulia. Alirudi kazini, akarudi mezani. Tukawa hatuzungumzi ila habari za gari na theluji. Na picha aliyoianza haikufanana na zile nyingine. Mwanamke amesimama mtoni, maji yamemfika magotini, nywele zimetawanyika, nguo nyeupe imelowa damu kuanzia kiunoni, na kifuani amekumbatia mtoto asiyeonekana uso. Nilimuuliza ni nani huyo. "Ni mama tu," akasema, akaendelea kusugua wino.

Jumamosi moja watu wa kikundi chetu cha maombi walikuja kutufariji. Nilikaanga mandazi, nikachemsha chai ya maziwa ya kutosha kijiji. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na mimi nilitaka sana kupona. Tuliimba, tukaomba. Kisha mama mchungaji akashuka chini kutafuta choo, na tukasikia, "Damu ya Yesu!" Wote wakateremka mbio, wengine na Biblia mkononi.

Walikuta mume wangu mezani, brashi mkononi, na mama mchungaji ameikazia macho ile picha.

"Dada, hii kitu iko kwa nyumba yako tangu lini?"

"Tangu baada ya msiba."

Neno "baada" halikumfikia. "Mnaona? Mlango ndio huu. Sisi tunafunga na kuomba huko juu, na roho ya mauti imewekwa chini kama mpangaji. Tuitoe hapo backyard, tuichome leo leo. Brother, unasemaje?"

Nilitegemea apigane. Nimeishi na mtu huyu, namjua anavyomgombeza mtoto wa jirani akigusa tu karatasi zake. Lakini aliweka brashi chini, akaibandua picha kwenye ubao taratibu, akamkabidhi. "Kama itamsaidia, ichukueni," akasema. Aliyemkusudia ni mimi.

Ndipo nikaitazama kwa karibu, ikiwa tayari mikononi mwa mama mchungaji. Nguo aliyofungwa yule mtoto haikuwa ya Kijapani. Lilikuwa blanketi jeupe lenye mistari ya waridi na buluu, blanketi la hospitali, limekunjwa pembeni vilevile alivyolikunja yule muuguzi. Mume wangu, asiyeongeza ua, alikuwa ameongeza hilo.

Niliinyakua. Sikuiomba, niliinyakua.

"Mama, hii haitoki hapa."

"Dada, huo ni uchungu unaongea."

"Ndiyo, ni uchungu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wazazi wake tuko hapa wawili. Nyinyi nendeni juu mkanywe chai."

Hawakunywa. Walivaa viatu na makoti yao, wakaondoka, na kwa watu wetu kuondoka bila kugusa chai ni kusema jambo. Tangu siku hiyo simu yangu haijapata ujumbe wao hata mmoja. Inaniuma. Hao ndio walionipikia uji nilipotoka hospitali, na ndugu wengine sina katika nchi hii.

Tulibaki sisi wawili kule chini. Nilimrudishia picha, naye akaanza kusema bila kuulizwa. Wajapani husimulia, alisema, kwamba mwanamke akifa akijifungua, mzimu wake husimama mtoni na kumwomba mpita njia amshikie mtoto. Ukimpokea, mtoto anazidi kuwa mzito mpaka mikono inakufa ganzi.

"Mikono yake ndiyo inanishinda," akasema. "Naichora, naitupa, naanza upya. Sijui inabeba nini." Kisha, bila kunitazama: "Alikuwa mzito?"

Nilipanda jikoni. Nilitoa kabatini paketi ya unga wa ugali, ile ya kilo mbili, nikaizungushia leso, nikaikunja pembeni, nikashuka nayo.

Nilipomletea alirudi nyuma, lakini meza ikamzuia. Halafu akafungua mikono, akapokea, kiganja kimoja chini ya kichwa, na hapo ndipo nilipomsikia mume wangu akilia.

Alisimama nayo muda mrefu. Mikono ikaanza kushuka kwa uzito, nikasogea nimpokee. Akageuza bega kunizuia.

"Ngoja," akasema. "Bado kidogo."