Kivuli cha Mkungu wa Jirani

Ukiingia kitaluni kwa Mama Kivuli unahojiwa kwanza, kama mtu aliyekamatwa na kitu kisicho chake. Dirisha lako linaangalia wapi? Jua la saa tatu linafika wapi? Na la saa kumi je? Ukibabaika, umekwisha. "Kanunue maua ya plastiki," atakwambia, "hayo hayafi, wala hayana wa kuyalilia."

Wala hatanii. Anauza mimea ya kivulini peke yake: makangaga yenye majani yaliyochanika kama mtu kayapitisha mkasi, begonia zilizo nyekundu kwa chini, okidi fupi za ardhini. Na anaamini kwa dhati kwamba watu wengi hawastahili hata jani. Mwanamume anayenunua ili aombe msamaha kwa mkewe anamjua kwa hatua ya kwanza. Mwanamke anayekuja na kipande cha pazia, akitafuta mmea wa kufanana nacho, anamchukia zaidi. Na wale wanaonyoosha simu wamwoneshe picha hawapi hata jicho. Picha, anasema, ni za kuchumbiana.

Dharau hii hakuzaliwa nayo. Miaka kumi na saba alipiga pasi mashuka katika chumba cha dobi cha hoteli, chumba kisicho na dirisha, mvuke unampanda hadi masikioni. Kila mwezi hoteli ilitupa mimea ya mapokezi iliyonyauka, vyungu vimejaa masalia ya kahawa na vipande vya sigara. Aliibeba nyumbani mmoja mmoja, akaiweka uwanjani chini ya tawi la mti wa mkungu wa jirani lililovuka ukuta. Ikafufuka. Siku aliyoacha pasi alikuwa na vyungu mia mbili, na alikwisha kukata shauri kwamba binadamu ni kiumbe wa kumwaga kahawa kwenye chungu.

Mkungu, basi, ulikuwa wa jirani. Shina ng'ambo, kivuli huku. Matawi yake yalifunika kitalu chote, na bila hayo hapakuwa na kitalu, ni uwanja tu wa kuanikia nguo. Wenye vitalu vya mjini hufunika mimea yao kwa neti nyeusi, naye aliwacheka mpaka akatokwa na machozi. Kibao chake cha mlangoni kiliandikwa kwa rangi ya kijani: KIVULI CHA KWELI, SI CHA NETI. Na katikati, pale kivuli kilipokuwa kizito kuliko pote, lilikaa kangaga la kwanza kabisa kutoka hotelini, pana kama meza ya kulia. Aliliita Mwenye Nyumba. Makangaga yote aliyouza yalikuwa watoto wake.

Mwenye mkungu alikuwa mwalimu mstaafu, mtu mpole. Akahamia kwa binti yake, nyumba ikauzwa, na geti likapakwa rangi ya dhahabu.

"Dada, twende tukawasalimie majirani wapya," alisema mdogo wake, fundi cherehani aliyekuja kukaa naye tangu afiwe na mume.

"Nikawasalimie kwa lipi? Umeliona hilo geti?"

"Geti halisalimiwi. Nasema watu."

"Mtu wa geti la dhahabu hana la kuzungumza na mimi."

Yakaishia hapo. Mdogo mtu alishachoka kubishana na mtu asiyeshindwa.

Jumamosi asubuhi akaingia mwanamke kijana mwenye viatu vyeupe. Viatu vyeupe, kitaluni! Mama Kivuli alimaliza hesabu naye kabla hajafungua mdomo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Dirisha lako linaangalia wapi?"

"Si dirisha, mama, ni uwanja. Kuna mti mkubwa mzuri, lakini chini yake hakuoti kitu. Nimeambiwa wewe ndiye fundi wa kivuli. Ngoja nikuoneshe picha…"

"Weka simu."

"Moja tu, mama, utaona mwenyewe."

"Nimesema weka simu. Jua linaingia saa ngapi, linatoka saa ngapi?"

Yule mwanamke akafikiri, akacheka kwa aibu. "Kusema kweli sijui. Ndiyo kwanza tumehamia."

Mlangoni, cherehani ikanyamaza. "Mmehamia wapi, mwenzangu?" aliuliza mdogo mtu.

"We shona!" Mama Kivuli hakugeuka hata kumtazama. Alikuwa amenogewa. "Hujui jua la nyumbani kwako mwenyewe, halafu unataka kangaga langu? Ukaliue kwa wiki mbili, urudi kuniambia lilikuwa na ugonjwa? Siuzi. Mtu kama wewe saizi yako ni nyasi. Ukate huo mti, upande nyasi, upange viti vya plastiki, upige picha zako. Mambo ya kivuli huyawezi."

"Kuukata?" Uso wa mwanamke ulisinyaa. "Mume wangu alisema hivyo hivyo. Mimi ndiye niliyemkatalia."

"Basi mumeo amekuzidi akili."

"Haya, mama. Wewe ndiye mjuzi. Asante."

Akaondoka, viatu vyake vikiruka madimbwi ya maji. Mama Kivuli alifurahi, si kidogo. Wakati wa chakula alimwigiza yule mwanamke akiruka madimbwi, kijiko mkononi kikiwa simu. Mdogo wake hakucheka.

"Hukumwuliza anakaa wapi."

"Kwani nampelekea barua?"

Miaka yote ile ya kuhoji watu, hilo hakuwahi kumwuliza yeyote.

Jumatatu saa mbili msumeno wa mashine ukalia ng'ambo ya ukuta. "Wanachonga geti la pili," alisema Mama Kivuli, akaendelea kunyunyizia begonia. Kisha majani mapana yakaanza kumwangukia begani. Alipoinua kichwa, tawi zima lilikuwa linashushwa kwa kamba, polepole, likirudi upande wa mwenyewe. Alipanda juu ya ndoo akapiga kelele. Fundi aliyekuwa juu, masikio yameziba kwa mlio, alimwonesha kwa mkono asogee asije akaumia. Akatoka mbio na kandambili moja, akaligonga lile geti la dhahabu kwa ngumi mbili, na hakuna aliyemsikia. Kabla ya saa sita ulibaki mnara wa shina, na jua likatua kitaluni kote.

Yeye na mdogo wake waling'oa mapazia yote ya nyumba. Wakatoa mashuka, kanga, tandiko la meza, wakayafunga kwenye vijiti. Hayakutosha. "Nikanunue neti?" aliuliza mdogo mtu, kwa sauti ya chini. Dada yake akafunga shuka jingine. Jumanne jioni Mwenye Nyumba alikuwa kahawia upande mmoja, na majani yake ukiyagusa yanavunjika.

Hapo ndipo mwanamke wa viatu vyeupe alipoingia, vumbi la mbao hadi kwenye nyusi, amejaa furaha.

"Mama! Kumbe tunapakana! Jumamosi nilizunguka na barabara kubwa, sikujua; jana nikitokea mlango wa nyuma ndipo nikakiona kibao chenu. Niliwaambia mafundi waanze na matawi ya huku, wayashushe kwa kamba, yasivunje hata chungu kimoja cha jirani. Yule mti ndio huu, tazama."

Mama Kivuli akaipokea simu. Mkungu ulisimama katikati ya picha, mzima. Ng'ambo ya ukuta, chini ya majani, alionekana mwanamke mwenye kitambaa cha buluu kichwani, ameinama kwenye chungu. Kitambaa hicho Mama Kivuli alikuwa amekivaa hata sasa.

Alitaka kumtukana. Alilitafuta tusi, na kila alilolipata lilimrudia mwenyewe.

"Na safari hii nimejiandaa," alisema jirani, akisimama wima kama mwanafunzi. "Leo nimeshinda uwanjani nikiangalia. Jua linaingia saa moja na nusu, na halitoki mpaka saa kumi na mbili. Sawa, mama?"

Mama Kivuli alimtazama, shuka la kitandani likiwa mkononi mwake.

"Sawa," alisema.