Njia ya Mkato ya Kimwani

Ijumaa ile, mwanangu, naikumbuka mpaka harufu ya maji yake. Siku hizo simu zenye ramani zilikuwa ndiyo kwanza zimetufikia, nami nilikuwa mama kijana mwenye leseni ya miezi minne na kichwa kigumu. Leo naitwa bibi hapa Nyanga, lakini nikiona maji yametanda barabarani, nasimamisha gari kwanza.

Tulikuwa tunakwenda Biharamulo, kwenye harusi ya mdogo wa mume wangu. Mume alikuwa ametangulia na ndugu zake. Nikabaki Bukoba na mama yake, Ma Koku, pamoja na mtoto wangu Kaiza, aliyekuwa na miezi saba. Tulipatana tuondoke saa nane mchana. Mimi nikachelewa saluni. Sikufichi, nilitaka nifike nimependeza kuliko wifi zangu wote. Saa kumi ndipo tulipotoka mjini. Ma Koku alikaa kiti cha nyuma, amempakata mtoto, wala hakulalamika.

Muleba nilisimama kununua maji ya kunywa. Nikafungua simu. Ramani ikaonyesha barabara kuu ya lami, na mstari mwingine mwembamba unaokata mashambani upande wa Kimwani, ukipunguza dakika arobaini. Mama mmoja muuza ndizi aliniona nimeikodolea macho simu, akaniuliza ninakwenda wapi. Nilipomweleza, akatikisa kichwa.

"Dada, huko chini mvua imepiga tangu jana. Shika lami tu."

Nikamshukuru kwa mdomo. Moyoni nikasema, huyu hata gari hana.

Tulipofika penye njia ile, nikakata kona. Ma Koku akainua kichwa.

"Mwana wange, umeshawahi kupita huku?"

"Nimepita mama, mara nyingi."

Uongo ule ulinitoka kirahisi kama salamu. Naye akaniamini, akamfunika mtoto vizuri na kuegemea kiti.

Mwanzoni njia ilikuwa nzuri. Kisha udongo ukaanza kuwa mweusi, gari likawa linateleza. Tukaingia kwenye mashamba ya mpunga. Mfereji wa kumwagilia ulifuatana nasi, mara uko kushoto, mara umepita chini ya barabara na kutokea kulia. Jua lilikuwa linazama. Sikukutana na pikipiki hata moja, nami nilijua maana yake, lakini kugeuza gari kulikuwa ni kukiri mbele ya mama mkwe. Nikaendelea.

Mbele yetu maji yakawa yamefunika barabara na mashamba pamoja. Yalionekana ya kina cha kifundo cha mguu. Nikakanyaga mafuta. Tulipofika katikati gari likakohoa, likazima. Nikawasha, wapi. Maji yakaanza kuingia chini ya milango, ya baridi, yakanifika vifundoni. Simu haikuwa na mtandao. Halafu nikasikia gari lenyewe linasogea, polepole, kama kuna mtu anayelisukuma kwa bega.

Kaiza akaanza kulia. Ma Koku akamfunga kifuani kwa kanga, akaweka mkono kwenye kitasa cha mlango wake, wa kushoto.

"Tushuke kabla maji hayajazidi. Wewe unayeijua njia hii, niambie, mfereji uko upande gani?"

Mwanangu, nilitazama kushoto, nikatazama kulia; kote ni maji ya rangi moja. Aliningojea mimi. Nikasikia kitasa kinalia kidogo mkononi mwake.

"Mama, usifungue!" nikapiga kelele. "Sijui. Sijawahi kupita huku hata siku moja."

Aliondoa mkono kwenye kitasa, akapandisha miguu kitini na kuanza kusali kwa Kihaya. Mimi nikapiga honi, nikapiga tena, nikaita kupitia dirishani mpaka sauti ikakwama.

Mungu ni mwema. Mume na mke waliokuwa wanatoka shambani walisikia. Yule mama ndiye aliyetangulia kuingia majini, anapima chini kwa mti mrefu kila hatua. Akafika karibu, akauchomeka ule mti upande wa kushoto wa gari, hatua moja tu kutoka mlangoni. Ukazama wote, akabaki ameshika ncha.

"Msishukie huku," akasema. "Mfereji ndio huu."

Walitutoa upande wa kulia, mtoto kwanza. Jirani zao wakaja na kamba, wakalivuta gari. Tukaota moto jikoni kwao, na hapo ndipo Ma Koku aliponiambia, bila ukali:

"Maji hayakunitisha sana. Nilitishika nilipoelewa kwamba nilitaka kumshusha mjukuu wangu mle kwa kuamini neno lako. Ungesema hujui, tungekuwa wawili tunaotazama njia."

Tulifika Biharamulo kesho yake, watu wameshatoka kanisani. Mume wangu nilimweleza yote mwenyewe, na uongo wangu nikauweka wazi mbele yake.

Basi mwanangu, unapotaka kusafiri Ijumaa jioni, na simu inakuchagulia njia ya haraka, itazame, ina faida yake. Lakini muulize pia mtu aliyetoka huko leo, na umsikilize hata kama anauza ndizi. Ukichelewa kuondoka, kubali kufika umechelewa. Usizitafute barabarani dakika ulizozipoteza mwenyewe. Ukiona huelewi, geuza gari, hata kama aliyekaa nyuma ni mkwe wako. Na unaowabeba wana haki ya kujua kama dereva wao anaijua njia au anabahatisha. Kusema "sijui" kutakuaibisha kidogo tu. Useme mapema, kabla mtu hajashika kitasa.

Mungu akutangulie katika kila safari, aikaushe njia mbele yako, na wote unaowapakia uwafikishe wakiwa hai. Amina.