Safu ya Kelele

Wakati huo nchi haikuwa na bunge. Lilikuwa limefungwa, na sheria zilitoka kwa wanajeshi wachache waliokaa mezani wakitia sahihi amri. Aliyetaka fungu la fedha za serikali alimtafuta mmoja wao, akapiga hodi na kumwomba Mungu. Sisi wa chumba cha redio tulimpata kanali mmoja.

Nikisema sisi, tulikuwa wawili tu: Mwalimu, mtaalamu wa anga aliyefundisha chuoni, na mimi mpiga taipu wake, binti wa Kiislamu wa Old Kampala. Fundi wetu wa Kihindi alikuwa amefukuzwa nchini pamoja na wenzake, akaniachia funguo, bisibisi moja na daftari. Kazi yetu ilikuwa kusikiliza setilaiti zikipita juu ya ikweta. Sauti zao zilitetemeka zikipenya hewa ya juu kabisa, na kwa mtetemeko huo Mwalimu aliisoma hewa hiyo, jinsi daktari anavyosoma mapigo ya moyo. Mashine ilikuwa imechakaa. Tusingepata fungu la kununua nyingine, chumba kingefungwa na kumbukumbu za miaka saba zingekatikia hapo. Mwalimu alikuwa hapati usingizi kwa ajili ya jambo hilo.

Kanali hakupenda Kiingereza. Mwalimu naye alikuwa Muganda wa watu, na Kiswahili chake kilitosha kununulia mkaa. Mimi nilizaliwa ndani ya Kiswahili. Babu zangu walikuja nacho kutoka pwani, na kwetu mtoto aliyekivuruga alichekwa mpaka akalia. Basi kwa wiki mbili nikawa mwalimu wa Mwalimu. Kila siku baada ya chakula cha mchana nilikaa kwenye kiti chake, nikatoa kifua, nikawa Kanali. Yeye alisimama mlangoni na karatasi mkononi.

"Afande, sisi tunasikiriza setiraiti..."

"Usianze na setilaiti, Mwalimu. Muulize kwanza habari za nyumbani. Mkono mtupu haulambwi, nawe huna cha kumpa ila heshima."

"Kwake sikujui, mwanangu."

"Hata yeye kwako hakujui, na tuombe ibaki hivyo."

Tulicheka sana mle chumbani. Naona aibu sasa nikikumbuka tulivyocheka.

Fundi alikuwa amenifundisha jambo moja: kila kinachoharibu sauti ya setilaiti kiandikwe, kwa saa na dakika, katika safu ya mwisho ya daftari. Safu hiyo tuliiita ya kelele. Zamu yake ikifika, Mwalimu aliandika "kelele", basi. Mimi niliandika zaidi, kwa sababu kelele nyingi zilikuwa redio za jeshi, na mimi nilizielewa. Wanaita gari. Wanauliza wamepakiwa wangapi. Wanataja msitu. Niliandika kwa Kiingereza kizuri na mwandiko mzuri, bila kujiuliza waliopakiwa ni akina nani. Hapana, huo ni uongo. Nilijiuliza, kisha nikageuza ukurasa.

Siku moja kabla ya kwenda nilipiga taipu ombi letu. Nikaona tukiambatisha kurasa chache za daftari, Kanali ataona mwenyewe jinsi mashine kuukuu isivyoweza kuchuja kelele. Kwa Kiingereza asingezisoma. Nikazitafsiri zote kwa Kiswahili safi, pamoja na safu ya mwisho, neno kwa neno, na nikajivuna. Mwalimu alikuwa akikariri maneno yake. Alizipitia juu juu, akasema, "Nakuamini," akatia sahihi.

Asubuhi yake, ofisini kwa Kanali, Mwalimu alizungumza vizuri. Aliuliza habari za nyumbani. Akasema Mungu ametuweka penye ikweta, na wenye mashine kubwa huko ng'ambo wanatamani kusimama hapa tuliposimama. Kanali alitabasamu, akaagiza chai. Kisha akafungua karatasi zetu, akalowesha kidole, akaanza kusoma polepole huku midomo ikicheza. Kwenye ukurasa wa nne midomo ilisimama.

"Hii nani aliandika?"

Nilifungua kinywa. Mwalimu alinitangulia.

"Mimi, Afande."

"Mdomo yako haijui Kiswahili. Hii karatasi inajua sana." Akanigeukia. "Ni huyu dada?"

"Huyu napiga taipu tu. Kuandika mimi najua, Afande. Kusema ndiyo inanishinda."

Hayo hatukuwa tumeyafanyia mazoezi. Aliyatoa mwenyewe, bila kunitazama hata mara moja.

Kanali aliniambia niende nyumbani. Nikaenda. Nilishuka ngazi, nikapita walinzi, nikawaambia asante. Mwalimu hakurudi, wala mwili wake haukuonekana, na chumba chetu kikafungwa wiki ileile.

Mkewe alikuwa muuguzi, akikaa Nsambya. Ilinichukua mwezi mzima kupata moyo wa kwenda. Nilikwenda nimeazimia kumwambia yote, na njia nzima nilikuwa nikiyapanga maneno. Alinipokea vizuri, akanikalisha, tukazungumza kwa Luganda.

"Kila asubuhi alikariri mbele ya kioo," akasema. "Nikamwambia, hicho Kiswahili chako kitakuponza. Wewe ulikuwapo, mwanangu, na lugha unaijua. Alikosea neno gani?"

Hakukosea hata moja. Angekosea, labda Kanali angecheka, chai ingekuja, na karatasi zingebaki mezani bila kusomwa. Nilijua nikimjibu hivyo atauliza, basi ilikuwa nini? Nami niliogopa. Sikumwogopa Kanali tena. Nilimwogopa mama huyu aliyekuwa akinimiminia maji ya kunywa.

"Lilikuwapo neno," nikasema. "Moja tu."

Aliitikia kwa kichwa, wala hakuuliza ni lipi. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na wanawe aliwalea akiwaambia kwamba baba yao aliponzwa na ulimi wake.